Pipa la Bluu, Pipa Jekundu

Sehemu ya tisa

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Mizani ya jikoni, iliyokwisha kutoa uzito wa chupa, ilisoma gramu 735.

Kipimo aliiondoa chupa, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Gramu 735.

Wiki jana tulimwacha hapo, ameinama nyuma ya gari lake la kijivu, anasubiri namba itulie. Namba imetulia. Lita moja ya mafuta aliyoyachota kwenye pipa lake jekundu ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 710. Karatasi ya kiwandani iliyobandikwa ubavuni mwa pipa ilisema hivyo. Gramu 735 ulikuwa uzito wa mafuta ya pipa la bluu.

Na pipa la bluu lilikuwa la kaka yake.

Kwa aliyeanza nasi leo: Baba, mwenye karakana, alistaafu mbio za magari akiwa na mguu mmoja wa bandia na watoto wawili. Amesema karakana haigawanyiki. Mwanawe wa kiume, ambaye kila mtu anamwita Radi, na binti yake, anayeitwa Kipimo kwa kuwa hafungi hata nati bila kupima, watashindana leo saa tano, mita mia nne, mara moja tu. Mshindi anachukua karakana. Mshindwa anakabidhi funguo na kuhama kabla ya jioni. Kipimo amefanya kazi humo miaka kumi na sita na analala chumba cha juu yake. Kwingine hana.

Radi alipewa injini mpya, inayobana hewa na mafuta mara kumi na tatu kabla ya cheche kuwasha. Kipimo alipewa kuukuu, pistoni zake zimechimbwa juu kama visahani, inabana mara nane na nusu tu. Kisha Baba akaleta mapipa mawili ya mafuta ya mbio. La bluu, oktani 116, bei ya kutisha. Jekundu, oktani 93, nusu ya bei. Radi alichagua kwanza kwa ukubwa wake. Alichukua la bluu huku akicheka.

Kipimo naye alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu.

Watu wengi wanaamini oktani kubwa ni nguvu kubwa. Si kweli. Oktani ni uvumilivu: mafuta yanakubali kubanwa sana bila kulipuka kabla ya wakati. Injini isiyobana sana haina haja ya uvumilivu huo. Inataka mafuta mepesi yanayowaka upesi. Kipimo alijaribu mwezi uliopita, mara sita kwa kila aina. Kwa mafuta ya pipa jekundu gari lake lilikwenda sekunde 11.4. Kwa mafuta ya bluu, 11.9.

Gari la Radi huenda 11.6.

Mafuta ya gramu 735 sasa yalikuwa ndani ya tangi la Kipimo, na tangi lilikuwa limefungwa muhuri wa mkaguzi tangu saa tatu na nusu.

"Wifi," aliita bila kupandisha sauti. "Njoo mara moja."

Mke wa Radi ndiye mtunza ghala wa karakana. Alikuja polepole, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Nani aliingia ghalani tangu Ijumaa?"

"Ghala ni langu. Aingie nani tena?"

"Mafuta yamehamishwa."

Wifi hakukana. Alitabasamu.

"Ulidhani sikukuona Ijumaa? Mwenzio kachukua la bei, wewe umeachiwa la rahisi, halafu unacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Nikasema, huyu hacheki bure. Huyu hata chumvi anapima. Kama anafurahia hilo jekundu, basi ndani mna kitu."

"Ukayahamisha."

"Kwa pampu ya mkono na pipa tupu. Kiuno kinaniuma mpaka saa hii. Ya jekundu nimeyatia kwenye bluu, ya bluu kwenye jekundu. Mume wangu ana mafuta uliyoyataka wewe, na wewe una yake. Haya, kashtaki."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Akijua atatangaza barabara nzima kwamba wazo lilikuwa lake."

Kipimo aliweka chupa chini.

"Wifi, nilicheka kwa ajili ya injini yangu. Sikucheka kwa ajili ya yake."

"Mafuta si mafuta?"

"Yake inabana mara kumi na tatu. Mafuta haya hayavumilii hivyo. Yatalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Yenyewe inapanda, moto unaisukuma chini. Kitakachoshindwa kwanza ni kichwa cha pistoni. Kitatoboka."

"Halafu?"

"Oili inatoka kwa nguvu. Bomba la moshi wakati huo ni jekundu kama kaa la moto. Miguu ya mumeo iko sentimita sitini nyuma ya bomba."

Tabasamu lilibaki kwenye midomo ya Wifi sekunde chache baada ya macho kuacha kutabasamu.

"Unanitisha."

"Nakupa vipimo."

"Lakini asubuhi ameiwasha! Imenguruma vizuri, nimesikia kwa masikio yangu!"

"Injini isiyo na mzigo haisemi kitu. Ikianza kuvuta, sekunde saba au nane."

Wifi alitazama upande wa gari la njano, ambako mumewe alikuwa ameketi juu ya gurudumu la akiba, watu wamemzunguka.

"Basi mwambie, wifi yangu. Wewe ndiye fundi."

"Mwambie wewe. Ndiye mume wako."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemharibia siku? Baba atanitoa leo leo. Radi atanirudisha kwetu na sanduku moja."

"Ukisema mbele ya mkaguzi, mihuri inakatwa, tunamwaga, tunaanza upya. Atapona."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na sanduku moja."

"Una roho mbaya."

"Na nikinyamaza mimi," Kipimo alisema, "saa tano na nusu karakana ni yangu."

"Wifi!"

"Nimehesabu tu."

Hiyo ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja. Kipimo alifika kwenye gari la kaka yake saa nne na dakika thelathini na tano. Dakika nne katikati hakuzitumia kutembea. Alifungua boneti ya gari lake mwenyewe, akalegeza kisambaza cheche, akakisogeza nyuzi sita mbele, akakikaza. Mafuta yanayowaka polepole yanataka kuwashwa mapema. Kwa hesabu yake, marekebisho hayo yangemrudisha kutoka 11.9 hadi 11.7.

Gari lake kwanza. Kaka yake baadaye. Mpangilio huo ataulizwa.

"Bibi Kipimo!" Radi alimpokea kwa sauti ya kusikika na wote. "Umekuja kuniaga au kuniletea funguo mapema?"

Watu walicheka. Walikuwa kumi na tano, pamoja na mkaguzi.

"Kaka, usikimbie na mafuta hayo. Yamebadilishwa. Uliyonayo ni ya pipa jekundu."

"Na wewe una yangu?"

"Nina yako."

"Basi shukuru, mdogo wangu! Una mafuta ya bei kwa mara ya kwanza maishani mwako."

"Sifanyi mzaha. Pistoni itatoboka. Nadhani ya tatu, ndiyo inayopata joto zaidi. Itakuwa kati ya sekunde ya saba na ya nane."

Radi aliacha kucheka. Alimtazama kwa makini.

"Nani kayahamisha?"

Kipimo aligeuka. Wifi alikuwa amesimama karibu na tairi la nyuma, mita mbili tu.

"Sema, wifi."

Wifi alitazama viatu vyake.

"Sijui anasema nini. Ghala lilikuwa limefungwa."

Minong'ono ilipita. Radi alisimama. Alikuwa mrefu kuliko dada yake kwa kichwa kizima.

"Haya, fundi. Tuseme ni kweli. Dawa yake nini?"

"Rudisha taimingi ya cheche nyuma nyuzi kumi na mbili. Muhuri uko kwenye tangi, injini unaruhusiwa kuigusa. Itapona."

"Na nitakimbia kwa ngapi?"

Hapa angeweza kudanganya. Neno moja la uongo lingetosha, na kwa miaka kumi na sita hakuwa na deni la ukweli kwa yeyote pale. Lakini aliulizwa namba.

"Kumi na mbili nukta mbili."

"Na wewe?"

"Kumi na moja nukta saba."

Kicheko kilichofuata kilimfanya Radi ashike mlango wa gari asianguke.

"Mmemsikia? Mmemsikia huyu? Amekuja kunihurumia mpaka nishindwe! Dada wa kuigwa!"

"Pima mwenyewe. Mizani iko pale."

"Mizani ya unga?"

"Inasoma hadi gramu moja."

"Basi nipimie na kilo mbili za sukari, mke wangu anywe chai."

Mkaguzi alipiga magoti akatazama matangi yote mawili. Waya mzima, risasi ya muhuri nzima, namba zinalingana na daftari. Mizani ya jikoni, alisema, haimo kwenye kanuni.

Baba alikuwa amefika wakati huo, fimbo mkononi, mguu wake wa bandia ukigonga zege.

"Mihuri mizima?"

"Mizima, mzee."

"Basi watakimbia walivyo."

"Baba," Kipimo alisema, "atapoteza injini."

"Injini ni yangu."

"Atapoteza miguu."

Baba aligonga mguu wake wa bandia kwa fimbo. Ulitoa mlio wa kopo tupu.

"Mimi niliacha mmoja kwenye barabara hii hii, na siku hiyo nilishinda. Wewe una njia nyepesi zaidi. Jitoe. Ukijitoa umeshindwa, nipe funguo sasa hivi, na kaka yako hatakuwa na wa kukimbia naye."

Alinyoosha kiganja.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na nane. Funguo zilikuwa kiunoni mwa Kipimo, kwenye kamba. Alizishika. Watu wote waliziona amezishika.

Kisha aliziachia, akavaa kofia ya mbio.

Saa tano na dakika nne. Gari la njano kushoto, la kijivu kulia. Taa tatu za manjano, moja baada ya nyingine. Kijani.

Radi alitoka kwanza. Baada ya mita sitini alikuwa mbele kwa urefu wa gari moja. Baada ya mita mia mbili, kwa urefu wa gari na nusu. Watu wa kushoto walikuwa wameanza kuruka.

Sekunde ya sita ikasikika sauti ambayo mafundi waliitambua kabla ya watazamaji: mlio mkavu, wa haraka, kama mtu anayemwaga kokoto kwenye sinia la bati.

"Achia!" fundi mmoja alipaza sauti. "Achia mafuta, wewe!"

Radi hakuachia. Kinasa mwendo cha gari lake kinaonyesha kanyagio limekandamizwa asilimia mia moja mpaka sekunde 7.6. Hapo ndipo mzunguko wa injini uliposhuka hadi sifuri kwa mara moja.

Pistoni ilikuwa ya tatu.

Kwanza ulitoka moshi mweupe, kisha mweusi, kisha moto wenyewe, chini ya boneti na ndani ya chumba cha dereva. Gari halikusimama. Lilikuwa na kasi ya kutosha, na magurudumu yalikuwa huru. Liliendelea kwenda mbele, katika njia yake, bila injini.

Kipimo alikuwa nyuma kwa mita tano na akimkaribia. Kilichotokea kwenye gari la kijivu kimo kwenye kinasa chake, na hakuna anayekibishia. Katika mita ya 310, kanyagio la mafuta lilitoka asilimia mia hadi sifuri. Katika mita ya 312, breki zilikanyagwa. Gari lilisimama mita kumi na moja kabla ya mstari wa mwisho.

Alitoka na mtungi wa kuzimia moto kabla vumbi halijatua. Gari la njano, likiwaka, lilivuka mstari taratibu na kwenda kugonga matairi ya ukingo. Kipimo alikimbia nyuma yake. Alifungua mlango kwa mkono wenye glovu. Alimwagia kaka yake poda yote ya mtungi, miguuni kwanza, akakata mkanda, akamvuta nje kwa mabega. Glovu ya kulia ilishikana na ngozi ya kiganja chake.

Ubao wa muda uliwaka taa moja tu. Kushoto.

Wazima moto walikuwa bado wanamwaga maji Baba alipofika. Alimtazama mwanawe aliyelazwa juu ya turubai. Akautazama ubao.

"Mshindi ni wa kushoto," alisema. "Funguo."

"Baba, mwanao ameungua!" Kipimo alisema.

"Mwanangu ameshinda. Funguo."

Kipimo hakuweza kufungua fundo kwa mkono mmoja. Baba aliikata kamba kwa kisu chake cha mfukoni, akaondoka na funguo.

Gari la wagonjwa liliondoka saa tano na dakika ishirini na sita. Lilikuwa na nafasi ya mgonjwa na wauguzi wawili. Wifi aliambiwa atoe maelezo kwanza, kisha atapelekwa hospitali.

Maelezo yalichukuliwa katika ofisi ya mkaguzi: meza moja, viti vitatu, feni isiyozunguka. Askari mpelelezi alikuwa mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Kipimo aliketi ukutani, kiganja kimefungwa bendeji.

"Watu kumi na tano," askari alisema, "wananiambia uliitaja pistoni. Ya tatu."

"Ndiyo."

"Ukataja na sekunde."

"Ndiyo."

"Nusu saa kabla."

"Dakika ishirini na tisa."

Askari aliandika.

"Mimi nimekuwa kazini miaka ishirini na mbili, dada. Sijawahi kukutana na ajali iliyotangazwa kwa sekunde. Ulijuaje?"

"Nilipima uzito wa mafuta."

"Kwa mizani ya unga."

"Ya jikoni."

"Na kabla ya kumwambia kaka yako, ulirekebisha gari lako?"

"Ndiyo."

"Kwa nini lako kwanza?"

Kipimo alikaza bendeji kwenye kiganja.

Askari alimgeukia Wifi.

"Mama, wewe ndiye mtunza ghala. Kuna mtu uliyemwona huko na pampu ya mkono?"

Wifi alikuwa amejikunja kwenye kiti kama mtu mwenye baridi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema yote bila kusita.

"Nilimwona wifi yangu. Jumamosi. Alikuwa anatoka ghalani, pampu mkononi, pipa tupu limelazwa mlangoni. Nikamuuliza unafanya nini. Akacheka."

"Wifi," Kipimo alisema.

"Alicheka sana," Wifi alisema. "Watu waliona. Tangu Ijumaa alikuwa anacheka."

"Niangalie."

Wifi hakumwangalia. Askari aliandika mpaka chini ya ukurasa, akamsomea, akampa kalamu. Kichwa cha maelezo kilisema: kuharibu mafuta kwa makusudi na kusababisha majeraha. Wifi alitia saini saa sita na dakika arobaini.

"Sasa nipelekeni kwa mume wangu."

"Gari linakuja, mama."

Saa sita na dakika hamsini na sita simu ya askari iliita. Alisikiliza. Alisema "Ndiyo," kisha "Saa ngapi?" kisha "Sawa, daktari." Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Alivuta maelezo ya Wifi, akachukua rula, akakata neno "majeraha" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika jingine. Kisha aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza, taratibu sana.

"Mama, kuna neno limebadilika hapo juu. Lisome. Kama maelezo ni yale yale, unatia saini tena pembeni. Kama una la kubadilisha, huu ndio wakati wake. Baada ya hapa linakuwa jambo jingine, na adhabu yake ni nyingine."

Wifi aliusogeza ukurasa karibu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, tangu mwanzo. Kidole kilifika kwenye mstari wa rula. Kikasimama.

Neno lilikuwa "kifo".

Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Askari aliinuka kumfuata, lakini Wifi aliinua mkono kumzuia. Alikaa hivyo, mkono hewani, macho kwenye karatasi.

"Wifi," Kipimo alisema kutoka ukutani. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuwa sawa. "Wewe na mimi tunajua. Hakuna mwingine. Kwa ajili yake, sema."

Wifi alimwangalia. Alimwangalia muda mrefu, machozi yakishuka bila kuyafuta.

Akachukua kalamu. Haikuandika. Aliikwaruza mara mbili ukingoni mwa meza.

"Hii imeisha wino," alisema.

Askari alimpa nyingine.

Saa saba na dakika tatu mchana, Wifi alitia saini pembeni.